American LaFrance: jina lilihama Elmira, ujuzi ukabaki

Ijumaa ya tarehe 17 Januari 2014, wafanyakazi wa American LaFrance huko Moncks Corner, South Carolina, waliambiwa kazi imekwisha. Siku hiyo hiyo tawi la Ephrata, Pennsylvania, lililokuwa likiunda magari ya ngazi, nalo likafungwa, na la Los Angeles vilevile. Hii ni kampuni iliyowauzia Wamarekani mitambo ya kuzimia moto kwa zaidi ya karne moja, na chimbuko lake ni karakana ya injini za mvuke ya mwaka 1873. Magari yake yalikuwa bado yamo vituoni, miji mikubwa kwa midogo, yakitoka kila king'ora kilipolia. Waliokuwa wakiyaendesha waliamkia swali moja: gia ya pampu ikikatika meno, nyingine itatoka wapi?

Lawama za haraka zilimwangukia mmiliki wa mwisho, na sehemu ya lawama hizo ni ya haki. Lakini ukikifuatilia kisa hiki tangu mwanzo wake, unaona kuwa kilichokufa mwaka 2014 kilikuwa jina. Kampuni yenyewe, yaani watu waliojua gari fulani limeundwaje na kwa nini limeundwa hivyo, ilikuwa imeshavunjwa mwaka 1985, pale wamiliki walipoitoa Elmira.

Fundi wa mvuke na matajiri wa mji

Elmira uko kusini mwa jimbo la New York, karibu na mpaka wa Pennsylvania, kandokando ya mto Chemung. Katika karne ya 19 ulifikiwa na mfereji, kisha reli ya Erie, na nyuma ya reli vikaja viwanda vya chuma. Haukuwahi kuwa mji mkubwa. Sensa ya 1950 iliukuta na watu karibu 50,000, na tangu hapo idadi imekuwa ikishuka. Ya 2010 ilihesabu kama 29,000 tu.

Truckson LaFrance alikuwa fundi katika kiwanda kimojawapo cha chuma mjini hapo, Elmira Union Iron Works, na alikuwa na hataza kadhaa za kuboresha injini ya mvuke ya kuzunguka. Inafaa kusimama kidogo hapa tuone injini hiyo ilifanyaje kazi, maana tabia ya kampuni nzima ilizaliwa humo.

Injini za kuzimia moto za wakati ule kwa kawaida zilitumia pistoni: mvuke unasukuma pistoni mbele na nyuma, pistoni inavuta maji na kuyasukuma kwenye mpira. Kwa mwendo huo wa kwenda na kurudi, mtambo mzima ulitikisika na kurukaruka juu ya magurudumu yake. Injini ya kuzunguka haikuwa na pistoni. Ndani ya sanduku la chuma kulikuwa na magurudumu mawili yenye meno makubwa, yameshikana. Mvuke ukiingia unayazungusha. Mhimili uleule unazungusha magurudumu mengine kama hayo kwenye pampu, na hayo ndiyo yanayosukuma maji. Mtambo ulitulia, na kwa kuwa vali zilikuwa chache, uliweza kuvuta maji ya mtoni au bwawani yenye mchanga na takataka bila kuziba ovyo. Mji usio na mabomba ya maji mitaani ulihitaji kitu cha namna hiyo hasa. Udhaifu wake ulikuwa kwenye kingo za meno: zikilika kidogo tu, mvuke unapenya pembeni na nguvu inapotea. Kwa hiyo ubora wa injini ulitegemea jinsi fundi alivyochonga na kulinganisha vyuma vile. Mchoro ungeweza kununuliwa na yeyote mwenye fedha, ila mkono wa kuufanyia kazi ulikuwa Elmira.

Mkuu wa kiwanda, John Vischer, aliiona kazi hiyo akaiunga mkono. Mwaka 1873 wenye fedha wa mji, miongoni mwao Jenerali Alexander Diven na wanawe, waliinunua biashara wakaanzisha LaFrance Manufacturing Company. Truckson akabaki kama fundi mkuu. Mkataba huo naupenda kwa sababu moja. Wenye mtaji waliishi mji mmoja na wenye ujuzi. Walikutana mitaani, na nyumba zao zote zililindwa na kikosi kilekile cha zimamoto.

Nduguye Truckson, Asa, alizunguka na injini kwenda kuzionyesha. Biashara hii haikufanyika kwa barua. Mji uliotaka kununua uliitaka injini ije ijaribiwe hadharani: madiwani wamesimama, saa mkononi, moto unawashwa chini ya boila yenye maji baridi, wanahesabu dakika hadi mvuke upande, kisha wanapima maji yanaruka umbali gani. Washindani nao walileta za kwao siku hiyo hiyo. Kiwanda kilichoshindwa leo kilirudi nyumbani kikijua kosa lake ni lipi.

Katika miaka ya 1880 Elmira ilipata kitu kingine kikubwa. Daniel Hayes, fundi wa kikosi cha zimamoto cha San Francisco, alikuwa na hataza ya 1868 ya ngazi ndefu iliyofungwa juu ya gari la farasi. Kabla yake ngazi ndefu ilisimamishwa kwa nguvu za mikono, na kikosi kizima kilihitajika. Ya Hayes ilisimama kwa skurubu kubwa ya chuma iliyolala juu ya gari: askari kadhaa wanazungusha mpini, skurubu inasukuma tako la ngazi, na ngazi ya zaidi ya mita 20 inanyanyuka palepale ilipo. LaFrance ilinunua haki zake ikaanza kuziunda, na miji mikubwa ikaanza kuijua Elmira hata kama haikuwa na haja ya pampu zake.

Muungano, na somo lililokuja nao

Mwaka 1891 watengenezaji wanne wakubwa wa injini za moto, Silsby wa Seneca Falls, Ahrens wa Cincinnati, Button wa Waterford na Clapp & Jones wa Hudson, waliungana kuwa American Fire Engine Company. Mwaka 1900 kundi hilo na LaFrance na wengine wakaunganishwa tena, na baada ya kupangwa upya kidogo likapatikana jina la American-LaFrance, makao yake makuu Elmira.

Silsby ndiye aliyekuwa mpinzani wa karibu zaidi wa LaFrance kwa injini za kuzunguka, na Seneca Falls si mbali na Elmira. Kazi yake ilimezwa, na mji wake ukabaki na kumbukumbu. Cincinnati mambo yalikwenda vingine. Watu wa ukoo wa Ahrens hawakuridhika ndani ya kampuni kubwa. Walitoka, wakarudi kwao Cincinnati, wakaanza upya kwa jina la Ahrens-Fox. Miaka michache baadaye pampu za Ahrens-Fox, zile zenye tufe la chuma linalong'aa mbele ya gari, zilihesabiwa miongoni mwa bora kuliko zote nchini. American-LaFrance ilikuwa imenunua hataza, mashine na wateja, lakini ujuzi ukaondoka na wenyewe kupitia mlangoni, ukaenda kuwa mshindani. Wakubwa wa Elmira waliliona hilo kwa macho yao. Waliokuja kuimiliki kampuni miaka mingi baadaye hawakulikumbuka.

Kitabu cha namba

Gari la kwanza la petroli la American-LaFrance lilikwenda Lenox, Massachusetts, mwaka 1910. Lilibeba mipira ya maji na mtungi wa kemikali, na liliandikwa namba 1. Kuanzia hapo kila gari lililotoka Elmira lilikuwa na namba yake ya kiwanda, imechapwa kwenye kibati, na kiwandani kukawa na kumbukumbu: namba hii ni gari la aina gani na lilikwenda mji gani.

Jambo hili linaonekana la kiofisi tu, lakini kwangu ndilo kiini cha kisa kizima. Gari la zimamoto haliundwi kama gari dogo la abiria, elfu kwa elfu yanayofanana. Kila mji unaandika zabuni yake. Huyu ana mitaa ya mteremko anataka breki za namna fulani, yule ana majengo marefu, mwingine hana bomba mitaani na anataka pampu inayovuta kutoka kwenye mto. Kisha gari linakaa kazini miaka 20 au 25, likifa kitu kimoja kimoja na kufufuliwa kimoja kimoja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa nati za mipira. Februari 1904 moto mkubwa ulipoiunguza Baltimore, vikosi vilikuja kutoka miji mingine, hata Washington, Philadelphia na New York. Vilipofika, vingi vikakuta mipira yao haifungi kwenye mabomba ya Baltimore, kwa sababu kila mji ulikuwa na nyuzi zake za skurubu. Uchunguzi uliofuata ulikuta aina zaidi ya 600 za nyuzi na vipimo nchini Marekani. Sasa jiweke kwenye nafasi ya kiwanda: kila gari linaloondoka lazima liwe na midomo ya kufunga mipira ya mji unaolinunua, na hilo ni jambo moja tu kati ya mamia. Mteja akiandika barua miaka 15 baadaye akitaka mdomo mpya wa pampu, anataja namba ya gari. Kuna mtu Elmira anaifungua kumbukumbu, na kuna mwingine karakanani anayekumbuka kwamba magari ya mji ule yalibadilishwa kitu ambacho hakikuandikwa popote.

Magari yenyewe yalikuwa makubwa na ya kutisha. Aina iliyoitwa Type 12 ilikuwa na injini ya silinda sita yenye ujazo wa kama lita 14, magurudumu ya nyuma yakivutwa kwa minyororo, na pampu iliyoweza kusukuma galoni 1,000 kwa dakika, yaani karibu lita 3,800. Type 75, ndogo kidogo, ilisukuma galoni 750. Pampu hizo zilikuwa za kuzunguka kwa gia, mwendo ambao Truckson alikuwa ameupenda enzi za mvuke. Injini za aina hiyo zingali zinanguruma leo katika mikono ya wapenzi wa magari ya kale.

Mwaka 1927 kampuni iliungana na Foamite-Childs ya Utica, wataalamu wa povu na vizimia moto. Mwaka 1931 ikatoa injini yake yenyewe ya silinda 12. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikiisha, ikachukua uamuzi ambao naona ndio wa kijasiri kuliko wote katika historia yake. Mwaka 1945 ilitangaza gari jipya kabisa, 700 Series, ambalo dereva na mkuu wa msafara wanakaa mbele ya ekseli ya mbele na injini iko nyuma yao. Dereva aliona barabara yote bila boneti ndefu kumzuia, na gari lilikata kona kwenye vichochoro ambavyo la zamani lingelazimika kurudi nyuma mara mbili. Magari yalianza kufika kwa wateja mwaka 1947, na modeli za zamani zikaachwa zote. Wakuu wa zimamoto waliokuwa wamezoea boneti ndefu walinung'unika kwanza, kisha wakanunua. Leo ukiona gari la zimamoto la Kimarekani lenye uso bapa, unaona matokeo ya uamuzi uliofanywa na watu wa Elmira, waliokuwa na uhakika na kazi yao kiasi cha kuacha kila kitu kingine.

Wamiliki wa mbali

Mwaka 1966 American LaFrance ilinunuliwa na Automatic Sprinkler Corporation of America ya Harry Figgie, kampuni ambayo baadaye ilijiita A-T-O na hatimaye Figgie International. Figgie alikuwa mnunuzi wa makampuni. Chini ya paa lake kulikuwa na Rawlings, watengenezaji wa glavu za besiboli, na Snorkel, waliounda mikono ya kunyanyulia askari wa zimamoto, na vingine vingi visivyohusiana hata kidogo. Kwa mtu wa namna hiyo Elmira ilikuwa mstari mmoja katika hesabu ya mwaka, na mstari ukionyesha hasara hukatwa.

Na hasara ilikuja, nisifiche. Elmira ilikuwa na majengo ya zamani na gharama kubwa. Juni 1972 tufani ya Agnes iliujaza mto Chemung, mji ukafurika, na siku hizohizo reli ya Erie Lackawanna ikafilisika. Mwaka 1974 akatokea mshindani wa aina mpya: Emergency One ya Ocala, Florida, iliyounda bodi za alumini kwa vipande vya kuunganisha, vyepesi, visivyoshika kutu, na gari likawa tayari kwa muda mfupi kuliko walivyozoea wengine. Pierce ya Appleton, Wisconsin, nayo ilikuwa inapanda haraka. Fedha za serikali kuu ambazo miji mingi ilizitumia kwa ununuzi wa namna hii zilikuwa ukingoni, zikasimama kabisa mwaka 1986. Na mtu asidhani kuwa kukaa Elmira peke yake ni kinga: jirani tu, Elmira Heights, kulikuwa na Ward LaFrance, kampuni nyingine iliyoanzishwa na mtu wa ukoo huohuo, na hiyo ilikufa mwaka 1979 bila kuhamishwa popote.

Kwa hiyo Figgie alikuwa na tatizo la kweli, la bei na la muda wa kufikisha gari kwa mteja. Tatizo hilo lilikuwa na dawa: alumini, mpangilio mpya wa karakana, modeli chache zaidi. Mwaka 1985 akachagua kufunga Elmira na kuhamishia kazi Bluefield, Virginia, kusini, ambako viwanda vingi vya kaskazini vilikuwa vikikimbilia mishahara ya chini.

Tuangalie kilichoweza kupakiwa kwenye malori na kisichoweza. Mashine zilisafiri, michoro ilisafiri, na kumbukumbu za namba pia. Fundi wa miaka 55 mwenye nyumba, mke mwenye kazi na wajukuu Elmira hakusafiri. Karakana ya aina hii humfundisha kijana kwa kumweka kando ya mzee kwa miaka, na mlolongo huo, uliokuwa haujakatika tangu enzi za boila, ulikatika kwa uamuzi mmoja. Bluefield ilianza na jina kubwa na watu wanaojifunza. Wateja walikuwa na subira nyingi kwa jina lile, lakini Pierce na Emergency One walikuwa tayari kuwapokea. Miaka tisa baadaye, 1994, Figgie International ikiwa yenyewe katika madeni na ikiuza biashara zake moja baada ya nyingine, American LaFrance ikafungwa.

Jina linafufuliwa

Mwaka 1995 Freightliner, watengenezaji wa malori waliokuwa mali ya Daimler-Benz, walinunua jina. Safari hii mnunuzi alijua kuunda malori, na aliipenda historia: mwaka 1996 wakaonyesha chasisi mpya iliyoitwa Eagle, iliyo nzuri kwa haki yake. Ujuzi wa bodi, pampu na ngazi hawakuwa nao, kwa hiyo waliununua. Wakachukua makampuni madogo ya zimamoto hapa na pale, likiwemo Ladder Towers la Ephrata, lililojua ngazi vizuri. Kazi ilipitia Cleveland, North Carolina, kisha makao yakawekwa Ladson, karibu na Charleston, South Carolina.

Nawapa Freightliner sifa zao. Walielewa kuwa bila mafundi hakuna kampuni. Lakini walikusanya familia nyingi tofauti chini ya jina moja. Kila kampuni ndogo ilikuja na michoro yake, namba zake za vipuri na njia yake ya kufunga nyaya. Mji uliokuwa na gari la American LaFrance la 1999 ungeweza kukuta bodi imetoka kwenye karakana yenye mazoea yake, na ngazi kwenye nyingine. Elmira ilikuwa na kumbukumbu moja. Hapa zilikuwa nyingi, na kilichozishikanisha ni mfumo wa kompyuta wa Freightliner.

Desemba 2005 Daimler ikaiuza kampuni kwa Patriarch Partners, kampuni ya uwekezaji ya New York iliyoongozwa na Lynn Tilton. Kwa muda American LaFrance iliendelea kutumia mifumo ya Freightliner kwa manunuzi, stoo na hesabu. Mwaka 2007 mambo mawili yakafanywa kwa wakati mmoja: kiwanda kikahamishwa kutoka Ladson kwenda Summerville, na mifumo ya Freightliner ikaachwa, ukawekwa mfumo mpya.

Kilichofuata kimo katika maelezo ambayo kampuni yenyewe iliyapeleka mahakamani Januari 2008 ilipoomba ulinzi wa sheria ya ufilisi. Ilisema mfumo mpya ulikuwa na kasoro kubwa katika manunuzi, malipo, uzalishaji na stoo. Ukiyatafsiri hayo kwa lugha ya karakana, maana yake ni hii: gari liko kwenye mstari linasubiri kitu fulani, kompyuta haionyeshi kiko wapi, kinaweza kuwa stoo, kinaweza kuwa hakijaagizwa, kinaweza kuwa muuzaji amekataa kukileta kwa sababu hajalipwa. Gari linasogezwa pembeni likiwa nusu, linaletwa lingine, nalo linakwama mahali pengine. Fedha zimelala ndani ya magari yasiyokamilika, na mteja halipi gari asilolipata. Madeni yalikuwa zaidi ya dola milioni 100.

Wachambuzi wa mifumo ya kompyuta hupenda kukitumia kisa hiki kama mfano wa mradi wa programu ulioharibika. Ni kweli, lakini naona wanaishia mlangoni. Mfumo mbovu wa kompyuta huumiza kiwanda chochote. Kiwanda chenye watu waliokaa pamoja miaka 20 huumia, kisha watu wake hurudi kwenye daftari na kumbukumbu zao, wakatembea hadi kwenye rafu inayohusika, gari likatoka kwa kuchelewa. American LaFrance ya 2007 haikuwa na kimbilio hilo. Jengo lilikuwa jipya, mpangilio wa stoo mpya, mmiliki mpya, na ndani ya miaka 22 kazi ilikuwa imeshapita Bluefield, Cleveland ya North Carolina, Ladson na sasa Summerville. Kumbukumbu pekee iliyobaki ilikuwa kwenye mfumo, na mfumo ndio uliokufa.

Mei 2008 kampuni ilitoka kwenye ufilisi ikiwa ndogo zaidi. Ikahama tena, safari hii kwenda Moncks Corner. Vikosi vilivyokuwa vikipanga manunuzi vilikuwa vimeshaona ya kuona, na mkuu wa zimamoto anayenunua gari la miaka 20 hanunui kwa kampuni asiyojua kama itakuwepo miaka mitano. Ya 2014 yalitokana na hayo.

Hoja ya upande wa pili

Msomaji makini ataniuliza: je, kuhama kwenyewe ndiko kuliua? Mbona Seagrave, mtengenezaji mwingine wa magari ya zimamoto, ilihama ikaishi?

Ni swali zuri. Seagrave ilianza Detroit mwaka 1881, ikahamia Columbus, Ohio, mwaka 1891, ikakaa huko zaidi ya miaka 70. Mwaka 1963 ilinunuliwa na FWD, kampuni ya malori, ikapelekwa Clintonville, Wisconsin, mji mdogo kuliko Elmira mara kadhaa, wenye watu elfu chache tu. Kwa hoja yangu ingepaswa kufa. Haikufa. Jiji la New York liliendelea kununua magari yake, na American LaFrance ilipofungwa mwaka 2014 Seagrave ilikuwa bado ipo Clintonville, mwaka wake wa 51.

Tofauti naiona kwenye mambo mawili. La kwanza ni aliyeipokea. FWD ilikuwa imeunda malori ya kuvuta kwa magurudumu manne katika mji huohuo tangu mwaka 1909, kazi iliyoanzishwa na mashemeji wawili, Otto Zachow na William Besserdich, katika karakana yao, na mafundi wake walishaunda magari ya zimamoto kabla ya Seagrave kufika. Ujuzi wa Columbus ulipoingia Clintonville ulikuta mahali pa kukaa. La pili ni kwamba baada ya kuhama, walitulia. Kijana aliyeajiriwa miaka ya 1960 aliweza kustaafu hapohapo akiwa amefundisha wengine. American LaFrance baada ya Elmira haikukaa mahali pamoja muda wa kutosha kumstaafisha fundi hata mmoja.

Kwa hiyo narekebisha hoja yangu iwe hivi: kampuni ya namna hii inaweza kuhimili kuhama mara moja, ikiwa inakohamia kuna watu wa kazi hiyo na ikiwa itaachwa ikae. Figgie hakutimiza sharti la kwanza. Waliomfuata hawakutimiza la pili.

Mwaka 2007, mwaka uleule wa matatizo ya Summerville, yalifunguliwa North Charleston makumbusho ya zimamoto yenye magari ya kale ya American LaFrance yaliyotengenezwa upya kwa uangalifu mkubwa. Mengi yameundwa Elmira. Na wenye magari ya miaka ya 1910 na 1920 nje ya makumbusho wanaendelea kuyaendesha: vyuma vyake ni vya kuchonga, fundi mzuri mwenye mashine ya kukereza anaweza kutengeneza gia kwa kutazama iliyovunjika, na namba iliyo kwenye kibati bado inamwambia gari lilikotoka. Mwenye gari la 2006 ana kazi ngumu zaidi. Taa zake, pampu yake na ngazi yake zinaongea kwa nyaya na vibao vya elektroniki ambavyo mtengenezaji wake hayupo, na askari wake wanalihitaji usiku huu.